Mama Jumba Azikwa Akiwa Jikoni

Mama Jumba, binti wa mwashi aliyeziba nyufa za jumba la kale la jaji, mjukuu wa mpishi wa jaji mwenyewe, ndiye aliyelala ukumbini masika ile upepo ulipoezua paa, akikinga maji kwa masufuria aliyoyabeba kutoka kwake. Tangu hapo jumba lilikuwa lake, hata kama serikali ilisema vingine.

Wasomi walipotaka kufanyia humo hafla ya mkutano wao, kazi ya maandalizi aliipata binti wa kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Binti akaapa, "Shangazi, mlangoni utasimama wewe. Kisa cha masufuria utakisimulia kwa kinywa chako."

Mama Jumba akashonesha gauni. Akawa anajisimulia kisa huku akifagia, mpaka popo wa darini wakakijua.

Alasiri ya hafla, wageni wakishuka kwenye mabasi, binti akamshika kiwiko. "Jikoni mikono haitoshi, shangazi. Wasaidie kidogo, nitakuita."

"Gauni lote hilo kuja kukata ndimu?" mpishi wa hafla akamchokoza. "Fundi cherehani akisikia atalia."

"Naitwa sasa hivi," akajibu, sikio kaliacha mlangoni.

Alichosikia ni kisa chake mwenyewe. Upepo, paa, masufuria, vyote kwa sauti ya binti. Wageni wakapiga makofi. Mmoja akauliza huyo shangazi yuko wapi, wampe mkono.

"Tulimzika mwaka jana," binti akasema, na sauti akailegeza kabisa.

Mpishi akaweka kisu chini. "Mama Jumba, umekufa lini bila kutuaga?"

Hakucheka. Alimaliza ndimu zake, akanawa, akavua aproni, akakaa kwenye stuli na gauni lake jipya.

Wageni walipoondoka, binti akaja mbio. "Shangazi, njoo upesi. Wamemwaga mvinyo kwenye mbao za ukumbi."

"Nani aje?"

Binti akaona mpishi alivyomkazia macho, akaelewa. "Maneno yaliniponyoka, shangazi. Watu wazito wale. Ningesema uko jikoni unakata ndimu, uso ningeuficha wapi?"

"Kumbe aibu ni jikoni. Kunizika si aibu."

Akamsogezea ndoo na kitambaa. "Piga magoti. Tumia maji baridi, ya moto yatalikaza doa. Futa kufuata mkao wa mbao. Na kuanzia leo sakafu hii ni yako. Marehemu hasugui."