Bendeji ya Baba

Baba alipasuliwa tumbo siku ya Jumatatu, utumbo ukiwa umejisokota, katika hospitali ile ile ya misheni nilikokuwa nikichemsha mikasi na vitambaa vya vidonda. Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetutawala, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nilijiona bwana mkubwa kwa sababu ya kaptula nyeupe.

Vyombo vya baba nilivichemsha mara mbili. Nilimwosha tumbo kwa sabuni, nikalipaka dawa ya aidini. Daktari alipomaliza kushona utumbo, aliweka kando kila chombo kilichogusa uchafu wake, akanawa upya, akashona ngozi kwa vyombo vingine. Kisha akaniambia, "Bendeji hii nitaifungua mimi, Jumamosi. Asiiguse mtu."

Kesho yake mama akafika kutoka kijijini kwetu Mungaa kwa miguu, na kibuyu cha samli. Kwetu jeraha lilipakwa samli. Nilimwamkia shikamoo, halafu nikamnyang'anya kibuyu mbele ya wagonjwa wote.

"Mama, hii ina wadudu. Itamwua baba."

"Umewaona?"

"Hawaonekani."

"Na wewe unawajuaje?"

Nilimrudishia kibuyu chake na kumtoa nje. Akakaa barazani, kibuyu mapajani, siku zote zile.

Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Kila nilipopita karibu na kitanda nilijiuliza: kidonda kimekauka? Kinatunga usaha? Jumatano mchana, wenzangu wakila ugali, nilikuwa nimetoka kumwaga choo cha mgonjwa wa jirani. Nikainua pembe ya bendeji. Kidonda kilikuwa safi, nikafurahi kama mjinga. Baada ya saa moja wasiwasi ukarudi. Alhamisi nikachungulia tena. Ijumaa kidole changu kikagusa uzi.

"Unatafuta nini humo?" baba akauliza.

"Naangalia tu, baba."

Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi hata mganga sikuwa.

Jumamosi daktari akafungua. Pembe ya chini ya kidonda, pale pale nilipokuwa nikichungulia, ilikuwa imevimba na kutoa usaha. Akauliza nani amegusa. Hakungoja jibu, alitazama dirishani, akamwona mama na kibuyu chake.

"Ni yule?"

Nikanyamaza. Niliona aibu, niliogopa kupoteza kazi, na baba alikuwa akinitazama. Mama akafukuzwa mpaka nje ya lango, naye hakubisha. Baba alilala pale miezi miwili, homa ikipanda na kushuka, tukimkatia tamaa mara mbili. Alipona akiwa na kovu lililobonyea. Neno hakusema, kwangu wala kwa mkewe.

Mama hakupika tena kwa samli. Jirani akimwuliza, alijibu kwamba hakumgusa mumewe, ila labda wale wadudu waliruka kutoka kwenye kibuyu, wakapita dirishani, kwa maana hawaonekani. Alikufa akiamini hivyo. Niliyemfundisha ni mimi.