Muziki wa Madoa

Ngazi za maktaba ya filamu zilikuwa kumi na nne. Zamani Mwalimu hakuwahi kuzihesabu. Siku hizi alizijua moja moja, na ya saba ndiyo aliyokalia kupumzika, mkoba mapajani, akijifanya anatafuta miwani.

Alifundisha muziki shuleni miaka thelathini na mmoja, na jina la kazi likamganda. Kinanda chake cha nyumbani kililiwa na mchwa, kwa hiyo kilichobaki cha kugusa ni kile cheusi cha ukumbi huu, alichokipiga kila zilipoonyeshwa filamu za kimya. Filamu za watu hazikumsumbua. Mtu akilia, unalia naye, akikimbizwa, unakimbia. Ya leo haikuwa na mtu hata mmoja. Bibi mmoja mchoraji aliitengeneza ujanani kwa sindano na wino, akichora juu ya utepe wenyewe: madoa, mistari, duara jekundu linalovimba na kunywea. Haikuwahi kuwa na sauti. Mara ya mwisho kuonyeshwa, watazamaji walikohoa mwanzo hadi mwisho.

"Vidole vinasemaje leo, shangazi?" aliuliza binti wa kaka yake, mtunza tepe wa maktaba, akimshika kiwiko.

"Vinasema vimestaafu. Mimi ndiye sijaletewa barua."

Binti hakucheka. Ndiye aliyemchemshia maji kila asubuhi ili avitumbukize viungo vilivyokakamaa. Ndiye pia aliyemsikia msimamizi akisema, kwa sauti ya kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba kompyuta nayo inaweza kupiga, "tumpumzishe Mwalimu wetu." Mikono ikigoma leo mbele ya watu, atapumzishwa kweli.

Kwa wiki tatu Mwalimu alikuwa ameandika muziki wake kwenye karatasi, doa kwa doa. Duara hapa, mkono wa kulia ukimbie. Mistari pale, mikono yote miwili. Madoa yale yalikuwa na mbio za ajabu. Kuyafuata dakika kumi na mbili kulimwacha hoi, akirudi nyumbani anafungua mlango kwa kiwiko.

"Shemeji!" fundi wa mtambo wa filamu, mtani wake wa siku nyingi, aliita kutoka kwenye kidirisha chake cha juu. "Tuanze jaribio, au nikuletee kitanda?"

"Lete viwili. Huo mtambo wako nao unakoroma."

Taa zilizimwa. Mwalimu alipiga, akiuma midomo. Hata dakika mbili hazijapita, mkongojo uligongwa sakafuni kwa nguvu.

"Simamisha!" Alikuwa mchoraji mwenyewe. Ugonjwa ulikuwa umemzuia kuhudhuria majaribio yote, na sasa alisimama mlangoni, mwembamba kama ufito. "Mbona picha zangu zinakimbia kama zimeiba kuku?"

Fundi alishuka mbio. Alikuwa ameiendesha kwa mwendo wa filamu za sauti, picha ishirini na nne kwa sekunde, kumbe bibi aliichora kwa kumi na sita.

"Wiki tatu hukuona?" binti alimfokea.

"Watu wakienda mbio utawaona, wanatembea kama vifaranga," fundi alijitetea, akijikuna kisogo. "Doa likienda mbio, nani atajua? Mimi nilidhani ndivyo lilivyo."

Mwalimu alikuwa anapiga hesabu. Dakika kumi na mbili zimekuwa kumi na nane. Sita zaidi, kwa mikono hii! Na karatasi nzima imeharibika. Aliikunja akaikalia.

"Shangazi, tuwaambie unaumwa?"

"Wanajua kompyuta haiumwi. Niache."

Saa tisa ukumbi ulijaa nusu. Msimamizi alikaa safu ya mbele. Duara lilikuja taratibu mno, likivimba kama kitu kinachovuta pumzi, na Mwalimu, asiye na karatasi, alilipa sauti moja akaingoja ife. Kisha nyingine. Hakukuwa na haja ya kukimbia. Hata hivyo, dakika ya kumi na moja vidole vya kulia vilifunga kama bawaba yenye kutu. Aliiweka mikono yote miwili mapajani. Sasa yamekwisha, aliwaza, na alichoka hata kuogopa. Juu, mstari mweupe ulipita peke yake kwenye weusi, ukapinda, ukarudi. Alisikiliza kikohozi cha kwanza. Hakikuja. Alipoona duara linarejea, alilipokea kwa kidole kimoja cha kushoto, na kwa kidole hicho akafika mwisho.

Watu walipiga makofi wakiwa bado wamekaa, kama walioamshwa. Msimamizi alikuja na tabasamu na kinywa wazi, lakini mkongojo ulimtangulia.

"Pale uliponyamaza," mchoraji aliuliza, "ulikuwa unahesabu?"

Binti alimkanyaga shangazi yake mguu. Mwalimu hakuwa na nguvu za kutunga uongo.

"Nilikuwa nimechoka, dada."

Bibi aliegemea mkongojo. "Mimi mstari ule niliuchora nimechoka pia. Jumamosi ijayo uchoke papo hapo." Akamgeukia msimamizi. "Umesikia? Papo hapo."

Mwalimu alitoa karatasi iliyokunjamana chini ya makalio, akainyoosha gotini. Kalamu ilikataa kushikika.

"Niandikie," alimwambia binti. "Dakika ya kumi na moja: mikono mapajani."