Nilivyotembezwa Bonde la Dordogne

Sababu ya safari hii ni kitenzi kimoja. Kwa miaka yote niliyoishi Birmingham nimekuwa nikimlalamikia binti yangu Naliaka kwamba baba yake hanitembezi. Nyinyi mnaonisoma huko Kitale mnajua nilichotaka: nitolewe nyumbani siku ya Jumapili, nimevaa nikavalika, nikalishwe mahali penye kitambaa mezani, na watu waone kwamba nina mume. Lakini Naliaka alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, na kumbe maneno mengine huingia sikioni mwake yakapinda humo humo. Tulipotimiza miaka ishirini na tano ya ndoa, alitununulia likizo ya Ufaransa.

"Mum, Dad is finally going to kukutembeza," alisema akinikumbatia. "Five whole days!"

Nililia kwa furaha. Laiti ningejua.

Kulikuwa na jambo jingine tuliloondoka nalo. Mume wangu Wafula anastaafu Desemba. Nyumba yetu ya Kitale imekwisha, ina vyumba vitano na vigae sebuleni, naye anataka turudi kabisa kabla ya mvua za Machi. Mimi nilikuwa sijasema ndiyo wala la. Kila alipouliza nilitafuta sufuria ya kuosha. Wiki moja kabla ya safari alisimama mlangoni na kofia yake ya kazini.

"Mama Naliaka, tukitoka Ufaransa nataka jibu. Mimi siwezi kungoja kama mtu wa visa."

Kisha akaenda kazini. Wafula hufanya zamu ya usiku kwenye ghala, nami huhudumia wazee mchana. Kwa miaka kumi na tisa tumekuwa tukikutana mlangoni, mtaani kwetu Kings Heath, mmoja akiingia na mwingine akitoka. Mengine yote tumeambiana kwa vikaratasi kwenye friji. *Gesi imelipwa. Maharage yako ndani. Mjomba amefariki, piga simu.* Sasa nikakae na mtu wa vikaratasi katika nyumba ya vyumba vitano, mchana na usiku? Hilo ndilo lililokuwa likinifanya nioshe sufuria safi.

Asubuhi ya kuondoka nilipakia magauni mawili, suti ya kitenge, kofia ya harusi, na viatu vyangu vya kisigino vyenye kifungo cha dhahabu. Wafula alitokea amevaa viatu vya kazini, vile vyenye chuma kwenye vidole.

"Ufaransa na viatu vya ghala?" nilimuuliza.

"Hivi ndivyo vinanijua."

Kwenye uwanja wa ndege mashine ililia kama mbuzi. Walimvua viatu, wakavikagua, wakavirudisha, naye akavivaa polepole mbele ya foleni nzima huku mimi nikisoma tangazo la manukato. Tukaruka hadi Bordeaux, tukapanda treni ya Sarlat. Wafula amezoea kulala mchana, kwa hiyo mizabibu yote ya njiani niliitazama peke yangu.

Jioni tulifika Sarlat, mji wa mawe ya rangi ya asali na vichochoro vya zamani sana. Mwenyeji wetu wa kwanza, mama mchangamfu mwenye Kiingereza cha kuokota, alitupa funguo, ramani, kijitabu na filimbi. Kisha akatazama viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Tomorrow, Domme," alisema. Akanionyesha vidole viwili vikitembea juu ya meza.

Sikumwelewa, au sikutaka. Nikampigia simu Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu ambaye husali nasi Handsworth na ndiye Kifaransa chetu. Nikaiweka simu katikati yao. Walizungumza, wakacheka, wakazungumza tena.

"Dada," Mama Furaha alisema mwishowe, "huyu mama anasema mutatembea na miguu. Siku zote ine. Mizigo njo itapanda gari. Batu hapana."

Nikampigia Naliaka.

"But Mum! Kutembea is walking," alisema. "So kutembezwa is being walked. Right?"

"Kama mbwa?" nikamuuliza. Kwa maana hapa Uingereza anayetembezwa kila asubuhi kwa bidii ni mbwa.

Nyuma yangu nilisikia sauti nisiyoifahamu. Niligeuka nikamkuta Wafula ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka. Alikuwa anacheka. Sikukumbuka mara ya mwisho kusikia kicheko hicho, na ilibidi hasira zangu zisubiri kidogo.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, nilinunua viatu vya kutembelea vyenye rangi ya karoti, kwa kuwa saizi yangu haikuwa na rangi nyingine. Tukaufuata mstari wa njano uliochorwa mitini. Baada ya saa moja tulisikia gari nyuma yetu. Wafula alinyoosha mkono kulisimamisha. Dereva alitupungia kwa furaha akapita, na kwenye kioo cha nyuma niliona sanduku langu limeketi vizuri, na kofia yangu ya harusi juu yake.

"Sanduku linapanda gari," Wafula alisema, "mwenye sanduku anaenda kwa miguu. Hii ni dunia gani?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mume wangu hutembea mbele. Hakuwa mbele kidogo. Alikuwa hatua thelathini mbele, mikono nyuma, kama anayekagua shamba lake. Niliita, hakusikia. Nikakumbuka filimbi. Nilipoipuliza alisimama kama polisi wa trafiki amemkamata, akaningoja, tukaenda pamoja dakika tano, halafu akaponyoka tena. Hadi tunafika Domme, mji ulioketi juu ya genge, nilikuwa nimepuliza hadi midomo ikafa ganzi. Juu kule mto Dordogne ulionekana wote, umejikunja polepole kati ya mashamba. Nilisema ni mzuri. Wafula akasema mto wetu wa Nzoia una maji mengi zaidi.

Siku ya tatu, wakati wa kifungua kinywa, aliniwekea sukari vijiko viwili kwenye chai. Alifanya hivyo kwa upole, akakoroga na kunisogezea.

"Sukari niliacha," nikamwambia. "Huu mwaka wa sita."

"Nani alikuambia uache?"

"Daktari. Nilikuandikia kwenye friji."

Aliichukua ile chai akainywa mwenyewe, ingawa alikuwa na yake.

Siku hiyo tulishuka hadi La Roque-Gageac, kijiji kilichobanwa kati ya mwamba na maji, kisha tukavuka kwenda Castelnaud. Mchana tulikula bata. Jioni tulikula bata. Usiku uliotangulia tulikuwa pia tumekula bata, na supu ilikuwa na dalili zake. Mwenyeji wetu wa Castelnaud, mzee mwembamba mwenye masharubu, alitutoa nje akatuonyesha ngome mbili: moja juu ya vichwa vyetu, nyingine ya Beynac ng'ambo ya mto, zinatazamana. Alieleza kwa mikono mingi. Nikampigia Mama Furaha.

"Anasema huku kulikuwa Baingereza, kule Bafaransa," alitafsiri. "Miaka mia ya vita. Banatazamana tu, kila mutu kwa dirisha yake." Akacheka kidogo. "Sawa wewe na bwana yako."

"Hilo la mwisho amelisema yeye?"

"Hapana, dada. Hilo ni langu."

Wafula alikuwa karibu, akasikia. Alijifanya anaangalia bendera.

Siku ya nne kijitabu kilituambia tupande kwanza, tuzunguke nyuma ya mashamba ya jozi, zile njugu wanazokamua mafuta, halafu tushukie darajani. Wafula alitazama ngome ya Beynac, ile pale, karibu mtu aishike, akafunga kijitabu.

"Macho yanaona. Tunazunguka ya nini? Twende straight."

Mwenye macho haambiwi tazama, kwa hiyo nilimfuata. Tulipita kwenye miiba. Tulipita kwenye uwanja wa bata bukini, ambao walitukimbiza huku wamenyoosha shingo, nadhani kwa kulipiza kisasi cha jamaa zao tuliowala. Saa tano tulifika ukingoni. Ngome ilikuwa mbele yetu na maji katikati. Daraja halikuwepo.

Niliketi kwenye gogo nikavua kiatu kimoja.

"Haya, ogelea," nikamwambia.

"Iko daraja hapo mbele."

"Mbele wapi? Kwako wewe mbele ni popote ambapo mimi sipo."

Aliokota jiwe, akalitupa majini.

"Haya si maneno ya daraja," alisema. "Ni ya Kitale."

"Kitale siiogopi, Wafula. Nakuogopa wewe." Nilishangaa kulisikia likitoka, lakini lilipotoka halikurudi. "Mimi nakujua? Wewe unanijua? Hata sukari hujui! Nitaenda kukaa na mgeni kwenye vyumba vitano, bila kazi ya kukimbilia. Tukigombana nitapanda basi gani?"

Nilitegemea afoke. Angefoka ningejua pa kushika. Lakini aliketi upande wa pili wa gogo, likainuka kidogo upande wangu.

"Nikirudi asubuhi, unajua nalala wapi?" aliuliza.

"Kitandani. Wapi tena?"

"Upande wako. Wangu unakuwa baridi, lakini wako bado iko na joto. Nineteen years, Mama Naliaka, mimi nalala kwa hiyo joto yako. Hicho kitanda hakijawahi kupoa."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikirudi jioni nakuta upande wangu umevurugwa na mto unanuka dawa yake ya mgongo, nami nikichukia, nikidhani ni uzembe. Niliwahi hata kumwandikia kikaratasi. *Lala upande wako.* Hakuwahi kukijibu. Sasa nililia pale ukingoni, kiatu kimoja mkononi, na Wafula akanipa leso yake, ambayo ilikuwa na mafuta ya bata.

Tulipotulia alifungua kijitabu, akavaa miwani, akasoma kidogo kisha akanitafsiria kile Kiingereza kwa sauti ya kanisani: "'Msishawishike kushuka mtoni. Hapo hakuna daraja.'" Akavua miwani. "Kumbe walituandikia sisi."

Tukarudi kule kule, bata bukini wakatukimbiza tena. Mlimani Wafula alisimama akapisha njia.

"Tangulia. Na lete hiyo filimbi. Ukienda mbio napuliza."

Aliipuliza mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa hatua tatu tu mbele yake.

Siku ya tano tuliondoka Beynac kurudi Sarlat, na kuhusu njia hiyo nawaomba radhi, kwa sababu sikuiona sawasawa. Tulikuwa tunaongea. Aliniambia juu ya mwenzake wa ghalani anayeimba usiku kucha, nami nikamweleza juu ya bibi mmoja ninayemhudumia, ambaye hudhani mimi ni dada yake na kunigombeza kwa kuchelewa kuolewa. Kama kulikuwa na makanisa ya kale, yalitupita. Gari la mizigo nalo lilitupita, na safari hii dereva alisimama na kutufungulia mlango. Wafula alimpungia mkono aende zake.

Tulirudi Birmingham siku ya Jumamosi. Naliaka alikuja kutoka kwake Selly Oak na keki.

"So did he? Alikutembeza?"

"Hapana," nilimwambia. "Tulitembea."

"That's the same thing, Mum."

Nilimkatia keki. Waliosema tembea uone hawakusema utaona nini. Mimi nilikwenda nikidhani nitaona Ufaransa, nikamwona mtu ninayekaa naye, na sasa nilimtaka zaidi ya nilivyomtaka nikiwa na miaka ishirini na sita.

Siku zilipita Wafula hakuuliza jibu. Jumatano, tulipokutana mlangoni, alisimama na kofia yake mkononi.

"Nimeomba day shift mpaka December," alisema. "Wamekubali, naanza Monday. Tujaribu kwanza. Kama ni kuchokana, tuchokane hapa hapa karibu na basi."

Nilikuwa nachelewa kazini, lakini niliweka mkoba chini.

"Vile vigae vya sebuleni ni vya rangi gani?"

"Kahawia."

"Mwambie fundi avibandue. Mimi siwezi kuzeeka juu ya kahawia."

Alinitazama mpaka akahakikisha amesikia vizuri. Kisha akaingia jikoni, akachukua kikaratasi, akaandika, akakibandika kwenye friji: *Amesema ndiyo.*

Jumatatu tuliamka pamoja saa kumi na moja na nusu. Alinitilia chai bila sukari. Nilitoka na viatu vyangu vya karoti, yeye na vyake vya chuma, tukashuka barabara ya maduka yaliyofungwa hadi kituoni, hatua kwa hatua, filimbi tumeiacha kwenye msumari wa mlango. Na nyumbani, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa, kitanda chetu kikapoa.