Seremala Aliyevua Saa

Mvueni lawama kwanza, maana kosa lake halikuwa la uzembe, lilikuwa la mazoea. Miaka yote aliyokuwa ofisi ya ustawi wa jamii, Shangazi (ndivyo watoto walivyomwita, na jina likamganda hata kwa mabosi wake) aliandika ripoti za watoto waliochomwa kwa pasi, waliofungwa kamba kwenye mguu wa kitanda kama mbuzi. Kanuni ya ripoti ilikuwa moja: ficha jina la mtoto, mengine yaache kama yalivyo. Ukipunguza jeraha hata kidogo, hakimu anamrudisha kwa yule yule anayempiga.

Basi alipostaafu akaanza kutunga hadithi, mkono ukaenda kule kule ulikozoea. Jina akabadilisha. Mengine akaacha.

Hadithi ya kwanza kitabuni ilikuwa ya seremala na bintiye. Seremala yule hakupiga kwa hasira, na hilo ndilo lililotisha. Alianza kwa kuvua saa na kuitundika kwenye msumari isije ikapata mkwaruzo. Ndipo achague ubao. Siku aliyomvunja binti mkono alitumia mguu wa stuli aliyoitengeneza mwenyewe; mfupa ulilia kama kuni kavu, naye akaenda kuchukua saa yake. Binti alisimama mahakamani na bandeji, akasema yote, na seremala akafungwa. Ofisi ikamkabidhi mtoto kwa mama mlezi, mshona magodoro, mahali ambapo baba hakuambiwa. Miezi ya mwanzo alilala chini ya cherehani, kwa kuwa huko mkono wa mtu haufiki. Yote hayo yamo kitabuni. Mshona magodoro yumo, na mashine ya kusaga iliyopakana na nyumba yake imo.

Kitabu kikapendwa. Kinyozi wa mtaa alikuwa akiwasomea wateja, watu wanakaa na kichwa nusu nywele nusu kipara wakingoja sura iishe. Mchana mmoja akaja mgeni, mzee wa vidole vinene, akaomba arudiwe pale penye saa. Kinyozi akarudia. Akamwonyesha hadi nyumba ya mtunzi, akidhani kapata mpenzi wa vitabu.

Shangazi alikuwa jikoni akichambua maharage aliposikia komeo la mlango. Sura hakuitambua, jela ilikuwa imeitafuna. Alimtambua mtu yule alipovua saa na kupitisha macho ukutani akitafuta msumari.

“Umeandika vizuri,” seremala akasema. “Nimejiona mpaka kucha. Ila mashine za kusaga zimejaa mji mzima, dada yangu. Ni ipi?”

“Hiyo ni hadithi tu, kaka. Nimetunga.”

“Na msumari nao umetunga?”

Akaichukua stuli ya pale jikoni, akaigeuza, akapapasa viungo vyake kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto, akaibamiza ukutani. Mguu ukatoka mzima. Pigo la kwanza lilishuka begani. La pili mdomoni, na Shangazi akasikia meno yake mwenyewe yakidondoka kwenye ungo wa maharage. Kila baada ya pigo mzee aliuliza tena, kwa upole ule ule, mashine ni ipi. La mkononi ndilo lililovunja. Ripoti ngapi Shangazi aliandika kwamba mtoto hakupiga kelele, akashangaa! Leo akajua: pumzi ndiyo inayotangulia kukimbia.

Lakini kila mtoto alikuwa amemfundisha jambo moja: usijifiche uvunguni, vuta chochote chenye kelele. Akatambaa, akashika mguu wa kichanja cha vyombo kwa mkono uliobaki, akavuta. Masufuria yakamwagika na vifuniko vyake, kishindo cha kumwamsha maiti.

Fundi magari wa jirani na vijana wake wakaangusha mlango. Spana zikafanya kazi. Seremala alipokuwa chini, taya limekaa upande, bado walikuwa wanampiga, na damu yake ikawa inachanganyika na ya mwenye nyumba. Shangazi akajiburuta akamlalia mzee yule mgongoni. Miaka yote kazi yake ilikuwa kujiweka kati ya fimbo na aliye chini. Mwili haukuuliza aliye chini ni nani.

“Msimuulie jikoni kwangu,” akasema kwa mdomo uliojaa damu. “Nani atadeki?”

Spana zikashuka, polisi wakaitwa.

Binti alifika hospitali kesho yake, mrefu, kiwiko kimepinda kidogo. Alisimama kando ya kitanda bila salamu.

“Ulimwambia?”

Shangazi akatikisa kichwa. Binti akakaa kitandani, akafuta uso kwa kiganja. Akasema kitabu alikisoma kilipotoka tu, akaiona ile mashine, akajua ipo siku. Akanyamaza kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza watu wasiomjua kumwonea uchungu, akaogopa kisije kikatolewa madukani.

“Kikichapwa tena, mashine ihamishe,” akasema. “Mimi niache humo humo.”

Shangazi akauliza kwa taabu, pale penye mashine aweke nini.

“Weka kinyozi. Huyo hakosekani mtaa wowote.”

Kinyozi alikuwa mlangoni na mfuko wa machungwa tangu asubuhi, hajathubutu kuingia. Aliinamisha kichwa, akayahamishia machungwa mkono wa pili.