Ufunguo wa Peugeot ya mjomba: nilivyotumwa Mutsamudu kuufuata wa akiba

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Jana nimesoma uzi wa mwenzetu aliyepoteza rimoti ya gari lake, wachangiaji wakamcheka kurasa tatu nzima. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mjomba wangu.

Nitawasimulia kama ilivyokuwa. Sitaongeza chumvi, yenyewe inayo ya kutosha.

Haya yalitokea Komoro, miaka ya themanini, zama za mamluki, wale askari wa kukodiwa wa Kizungu walioshika jeshi. Sisi ni Wangazija wa Unguja tuliorudi Moroni. Ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia, sina ajira, kwa hiyo nilikuwa natumwa na kila mtu. Maneno ya watu nayaandika kwa Kiswahili, ingawa wao walisema Kikomoro.

Kwa wasioijua Ngazidja, kisiwa chetu kikubwa ulipo Moroni: kule nyumba ni ya mwanamke. Binti akiolewa, mume ndiye anayehamia. Mwanamume hujenga, tena umri wake wote, lakini humjengea dada yake, kisha binti yake. Yeye anabaki mgeni mwenye heshima.

Mjomba Mmadi, kaka wa mama yangu, alikuwa na wake wawili: bi mkubwa Itsandra, bi mdogo Ntsoudjini, na miji hiyo imekaribiana. Mjini Moroni, mtaa wa Badjanani, kulikuwa na nyumba aliyozaliwa, ambayo sasa ilikuwa ya mama yangu. Nyumba tatu, na zote alikuwa anapiga hodi.

Ufunguo pekee aliokuwa nao duniani ulikuwa wa gari. Peugeot kuukuu, aliinunua kwa mzee mmoja wa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili, Ndzuani, ikaletwa kwa meli. Alasiri alikuwa anaingia ndani, anafunga vioo nusu, anasikiliza redio peke yake. Haendi popote. Tulikuwa tunamcheka.

Mimi nilikuwa nimeandika tasnifu nzima kuhusu nyumba na wanawake wa Ngazidja, nikapata alama nzuri, na bado nilimcheka.

Sasa, mjomba alikuwa na tabia moja. Hakuegesha gari Itsandra wala Ntsoudjini. Aliliacha kwenye kona, barabarani, katikati ya miji hiyo, kisha anamalizia kwa miguu. Hivyo hakuna jirani wa kuhesabu leo ni zamu ya nani na gari limelala wapi. Alijiona mjanja sana.

Siku moja akarudi kwenye kona, akajipapasa mifukoni. Hamna kitu.

Mtu wa kawaida angeuliza nyumbani. Mjomba hakuweza. Kumuuliza bi mkubwa ni kukiri kwamba jana, siku yake, alikuwa kwingine. Kumuuliza bi mdogo ni kuanzisha mjadala wa juzi.

Nikatumwa mimi, niulize bila kuuliza.

Itsandra nilizungumza habari za samaki karibu saa nzima, macho yangu yakizunguka chini ya viti. Bi mkubwa akanitazama tu, akaniongezea chai.

Ntsoudjini bi mdogo hakunipa hata nafasi ya kukaa.

"Mwambie mjomba wako ufunguo haupo hapa," alisema. "Na juzi yeye pia hakuwepo hapa."

Nikarudi na salamu hizo. Mjomba akasema, "Hizi ulizopeleka ndizo akili za chuo kikuu?"

Yote haya yangekuwa kichekesho tu, isipokuwa barabara ile ilikuwa ya jeshi. Askari mmoja mwenyeji alitujia kwa adabu akatueleza: Ijumaa utapita msafara, barabara iwe wazi. Gari likikutwa pale litasukumwa na trekta hadi kwenye mawe meusi ya ufukweni.

"Mimi nakuheshimu, mzee," akamwambia mjomba. "Lakini yule Mzungu anayetuamrisha hajui mzee ni kitu gani."

Mtaniuliza kwa nini tusilisukume wenyewe. Usukani ulikuwa umejifunga, magurudumu yametazama ukuta. Fundi alikuja, akasema dawa ni kuvunja kioo, kisha kuvunja kufuli la usukani. Na kipuri? Kitatoka Ufaransa, Mungu akipenda. Kutengeneza ufunguo? Mjomba alete mwingine wa kuigizia.

Mjomba aliweka kiganja juu ya boneti. Baadaye akasema, "Yule wa Mutsamudu alinipa ufunguo mmoja. Gari halizaliwi na ufunguo mmoja."

Nikapanda kindege hadi Ndzuani.

Bwana Bakari, karani mstaafu, alikaa ndani kabisa ya mji mkongwe wa Mutsamudu, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Alizungumza Kiswahili safi, alikuwa amekaa Unguja ujanani. Akanikaribisha kahawa na kuuliza hali ya kila mtu niliyemjua na nisiyemjua.

Nikasema nilichofuata. Akaweka kikombe chini.

"Gari niliuza," akasema. "Ufunguo huu sikuuza."

Akautoa mfukoni. Umesuguliwa hadi meno yamebaki kama ya mzee, na ulikuwa na kishikio cha ngozi kilichong'aa kwa kushikwashikwa.

Nikaanza kumweleza kisheria. Naam, nilimpa somo la mali na umiliki, nimekaa kwenye mkeka wa watu, nakunywa kahawa yao.

Mkewe, Bi Zainabu, alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Akacheka.

"Unapoteza pumzi, mwanangu. Huo analala nao. Akienda barazani kwa wenzake anauzungusha kidoleni. Wakimuuliza gari liko wapi, anasema liko Moroni."

"Si uongo," Bwana Bakari akasema. "Liko Moroni."

"Liko Moroni kwa mwenyewe."

Bwana Bakari akauzungusha ufunguo kidoleni. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Nyumba hii ni ya huyo anayekucheka. Iliyo mkabala nimemjengea binti yangu. Nilikozaliwa wako dada zangu. Nikiwa barazani watu wote wanatoa funguo, hata vijana, sijui za nini. Nami nitoe nini?"

Pazia halikucheka tena.

Hapo ndipo nilipomwona mjomba wangu, ndani ya gari lisilokwenda popote, na redio yake. Sheria zote zikaniishia. Nikamweleza tu ukweli: kwamba mwenzake anakaa ndani ya gari lile kila alasiri, na Ijumaa litatupwa kwenye mawe.

Akauliza, "Analiegesha kivulini?"

"Siku zote."

"Lile halipendi jua. Dashibodi inapasuka." Akasimama, akavaa kofia yake. "Twende kwa sonara."

Mutsamudu haikuwa na mashine ya kuchonga funguo, lakini masonara ilikuwa nao, na sonara ana tupa ndogo kuliko za fundi yeyote. Yule tuliyemkuta alikuwa na mkufu wa bibi harusi mezani. Akausogeza pembeni, akanung'unika kwamba sasa amekuwa fundi magari, akachukua kipande cha shaba akaanza kusugua. Bwana Bakari alisimama juu yake muda wote, akimkera kwa maelekezo.

Ulipokwisha, ufunguo mpya uling'aa kama pete. Nikanyoosha mkono niuchukue.

"Huo haujawahi kufungua kitu," Bwana Bakari akasema. Akavua kishikio cha ngozi kwenye ule mkuukuu, akakitia kwenye mpya, na ule mkuukuu akaniwekea kiganjani. "Chukua unaolijua gari. Ukiutia, urudishe nyuma kidogo, kama unene wa unywele, ndipo uzungushe. Ukilazimisha, utavunjika."

Alinisindikiza hadi mwisho wa kichochoro. Alirudia maelekezo yale yale mara nyingine, na mimi nikamwacha arudie.

Ijumaa asubuhi mjomba alikuwa kwenye kona, kanzu imepigwa pasi kana kwamba anakwenda kuposa. Trekta tayari ilikuwa inanguruma upande wa pili. Yule askari mwenyeji alikuwa amegeuka anatazama bahari kwa makusudi.

Mjomba akautia ufunguo, akalazimisha. Haukuzunguka.

"Rudisha nyuma kidogo, mjomba. Kidogo sana."

Akarudisha. Mlango ukafunguka. Usukani ukaachia. Injini ikakohoa, ikakubali, na mjomba akapeleka gari lake Badjanani mwendo wa maiti, jasho linamtoka, mimi pembeni nimeshikilia mlango usiojifunga vizuri.

Ule uliopotea haukuonekana mpaka leo. Kila mke anaamini uko kwa mwenzake.

Nilimsimulia mjomba habari za Bwana Bakari. Miezi kadhaa baadaye, mzee yule alipokuja Ngazidja kwa harusi ya jamaa yake, mjomba alimfuata mwenyewe, akamleta mpaka lilipo gari.

"Jaribu wako," akamwambia.

Bwana Bakari akautoa ule wa sonara. Mlango ukafunguka. Akakaa, akautia kwenye tundu la kuwashia, akauzungusha, akaurudisha, akauzungusha tena. Gari halikuwaka.

Mjomba akainama dirishani kumpa wa kwake. Mzee akatikisa kichwa, mkono wake umelala juu ya usukani.

"Mlango unanitosha, bwana," akasema.

Mjomba akazunguka, akafungua upande wa abiria, akakaa. Wakafunga vioo nusu, wakawasha redio.

Wakuu, funzo la kiufundi ni jepesi: ukinunua gari, dai funguo zote mbele ya mashahidi, na uchonge wa akiba kabla wa kwanza haujasagika. Lile lingine ni kwamba muuzaji aking'ang'ania mmoja, kabla ya kumpa somo la sheria kama nilivyofanya mimi na shahada yangu, muulize kwanza nyumbani kwake anafungua nini.

Na wewe uliyepoteza rimoti, usiwajibu wale. Njoo hapa utuambie ilipotelea wapi. Wengine pia mna habari za funguo, nimeweka kahawa, nawasoma.