Nilipopuliza kwa Ajili ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alinitoa kazini mbele ya wanawake wenzangu kwa kosa la kukohoa. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akamhurumia yeye baadaye, akanisahau mimi.

Tulikuwa tukifanya kazi katika ghala la makonyo, si mbali na kwetu Vitongoji. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Huchemshwa yakatoa mafuta. Kabla ya kuchemshwa lazima yapepetwe, na kupepeta ilikuwa kazi yetu wanawake. Vumbi lake ni jembamba, linawasha, linaingia mpaka kwenye kope. Barakoa zilikuwapo. Shemeji, ambaye ndiye msimamizi, alizifungia kabatini, akawa anazitoa siku wanapokuja wakaguzi tu. Wakaguzi wakishapanda gari, huzikusanya moja moja na kuzihesabu. Sisi tulijifunga mitandio yetu puani, basi.

Mwaka wa sita kifua kilianza kunibana. Ikifika saa nne asubuhi nilikuwa siwezi kumaliza neno bila kuvuta pumzi katikati. Shemeji akaona jambo moja ambalo sikuweza kulikana: Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, nilikuwa sikohoi sana. Alijuaje? Dada alimwambia, kwa nia njema, kwamba leo mdogo wangu kapata nafuu.

"Yuno kifua chake chajua kalenda," aliwaambia wenzangu siku ya pili yake. "Ijumaa kizima, Jumamosi kigonjwa. Uvivu tu hunu."

Walicheka. Wanawake niliokaa nao mkeka mmoja miaka sita walicheka, na mmoja wao alicheka mpaka akakohoa. Kisha shemeji akaniambia niweke ungo chini niende zangu nyumbani, nikapumzike Ijumaa zote nizitakazo.

Niliazimia kumsomea Halbadiri. Kwetu mtu akidhulumiwa, na wa kumshitakia hana, huenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaomba kisomo hicho, nacho humtafuta mwenye kosa kikamwangukia popote alipo. Sikutaka shemeji afe. Nilitaka adhalilike, watu waone. Maalim wa mtaa wa pili alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi mkononi.

"Una yakini kama u mgonjwa?" aliniuliza.

"Maalim, si nakohoa hapano mbele yako?"

"Kukohoa hata mie naweza. Halbadiri haijui shemeji wala jirani, mwanangu. Ukija na uwongo, itakurudia weye. Enda katafute yakini, kisha uje."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, lakini hasira yangu ilikuwa na tundu. Yakini sikuwa nayo. Zile Ijumaa zilikuwa zinanitesa. Nilianza kujichunguza kama mwizi: je, kama kweli ni uvivu, nami mwenyewe sijui? Mtu akiambiwa jambo kila siku huishia kulitafuta ndani yake.

Ndipo nikaenda Chake Chake, hospitali, walikoniambia kuna mashine ya kupima pumzi. Nilimkuta binti mmoja wa Kiunguja, mpole, amevaa koti jeupe juu ya baibui. Alinibana pua kwa kibano, akanipa bomba la karatasi ngumu nilishike kwa midomo, waya ukaenda kwenye kompyuta.

"Mama, vuta pumzi yote unayoweza. Kisha itoe kwa nguvu, mara moja, usiache mpaka nikwambie."

Hapo nikafanya ujinga. Nilikuja kutafuta ugonjwa, kwa hiyo nikapuliza kigonjwa. Nilipuliza taratibu, kwa huruma, kama anavyopuliza mtu anayeyasomea maji ya dua kwenye kikombe. Binti aliutazama mstari kwenye kioo akatikisa kichwa.

"Umebania, mama. Mashine inamjua anayebania. Nikiitoa hii, karatasi itaandikwa kwamba hukujitahidi."

Hukujitahidi! Nilisafiri kutoka Vitongoji ili nikaandikiwe kwa mhuri maneno ya shemeji. Nilihisi uso unanichoma.

Mara ya pili nilimweka shemeji mbele yangu. Niliweka lile tabasamu lake, na funguo za kabati zinazolia mfukoni mwake, nikavuta hewa yote iliyokuwamo chumbani, nikampulizia usoni. Binti alikuwa anapiga kelele, "Toa, toa, toa, bado, toa!" Nikatoa mpaka nikaona vinyota, mpaka tumbo likashikana na mgongo. Mara ya tatu nikarudia, kwa chuki ile ile. Nilipomaliza nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili na machozi yananitoka, na nilijua moyoni kwamba sikuacha hata chembe.

"Hii ni safi," binti alisema. Kisha akaisoma namba. "Lakini ni ndogo, mama. Umetoa lita moja na kitu. Mwenye kimo chako na umri wako angetoa zaidi ya mbili."

Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza, na kwa aibu nikamweleza na Ijumaa. Hakucheka. Aliniambia hiyo ndiyo dalili yenyewe: anayedhuriwa na vumbi la kazini hupata nafuu siku asiyokwenda kazini. Mwanzoni. Baadaye hata Ijumaa haisaidii.

Niliitia karatasi kifuani, na sikupitia kwa Maalim. Nilikwenda moja kwa moja ghalani, nikasimama mlangoni, nikaisoma kwa sauti wanawake wote wasikie. Nyungo zilisimama. Shemeji alinipokonya karatasi, akaisoma mwenyewe, polepole, mpaka chini. Kisha akanivuta pembeni.

"Na mtu ambaye akohoa asubuhi tu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "akishaamka?"

Yeye alikuwamo ghalani miaka ishirini, na barakoa hakuwahi kuivaa, maana akiivaa yeye, wapepetaji angewaambia nini? Nilimtazama na nikaelewa. Kesho yake nilimwambia Maalim kisomo basi. Hakunipongeza, na hakukuwa na cha kunipongezea. Sikumsamehe shemeji. Niliona tu hakuna haja ya kumpa Maalim kazi ambayo makonyo yamekwisha kuifanya.

Shemeji hakwenda kupima. Anaogopa. Na mimi, kila tukutanapo, arusini, msibani, dukani, humwamkia kwa adabu zote, kisha humuuliza watu wakisikia, "Shemeji, umeshapima?" Watu husema namna gani shemeji huyu anavyomjali.

Idi iliyopita nilikwenda kwao kuwapa mkono wa Idi. Alikuwa ametoka msikitini, kaingia uani, kasimama ameshika ukuta. Nikamuuliza. Alifungua mdomo anijibu, hewa haikutosha, akainua kidole kuniomba ningoje. Nikangoja. Nilifurahi mpaka nikatabasamu, na nilipogeuka nikamwona dada yuko mlangoni na sinia la chakula, ananitazama mimi, hamtazami mumewe.

"Usije tena," aliniambia. "Mpaka nikuite."

Hajaniita.