Glavu za Rahabu

Sufu mpya inanuka kondoo aliyenyeshewa, hata ikitoka dukani imefungwa nailoni. Harufu hiyo ilinikuta huku Doha, kwenye nyumba ya mtaa wa Abu Hamour ninamopika na kulea mabinti wawili tangu hawajaota meno, siku madam alipomwaga nguo za safari kitandani. Walikuwa wanakwenda likizo kwenye theluji. Madam akainua mkono huu glavu za vidole vitano, na mkono huu zile za mfuko, kidole gumba chumba chake, wenzake wanne wamelala chumba kimoja. Akauliza zipi zinafaa, halafu akajicheka mwenyewe kwa ile sauti yake ya puani, kama ana mafua ya kudumu, akiniita khala, yaani mama mdogo, kama wanavyoniita wote humo: "Khala, wewe mtu wa jua, baridi utaijulia wapi?" Nikaendelea kukunja nguo. Mimi, mtoto wa Makete.

Kwetu Juni ikiingia, asubuhi sakitu, umande ulioganda, imelala juu ya majani kama chumvi, ukiikanyaga inalia kwachu, kwachu. Mwaka ule mama alipata mitumba ya misheni, ndani yake jozi mbili za glavu. Za vidole akampa dada yangu Rahabu, maana ndiye mchumaji wa pareto, na ua la pareto linataka ncha za vidole. Mimi mshika kapu nikapewa za mfuko. Basi Rahabu akawa mtu mkubwa. Hata kichwa akawa anakikuna kwa kidole kimoja kimoja, na sauti kaibana kama mke wa mchungaji: "Mdogo wangu, nishikie kapu, mwenzio nina kazi ya vidole." Nikitazama mikono yangu naona kwato za ng'ombe. Wivu ukalala nami kama kiporo. Joto nilikuwa nalo, sikulitaka; nilitaka na mimi niitwe mchumaji. Mama aliniona, akakwaruza kwa sauti yake ya moshi, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamjibu moyoni kwamba msala wenyewe mbona haupiti, umekaa tu kwa Rahabu.

Asubuhi moja nikaamka kabla yake, nikazivaa zake, nikachukua kapu nikaenda shamba. Kumbe zilikuwa nyembamba kama utando wa maziwa. Zilipolowa, kila kidole kikafa peke yake. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi na joto pia hakijipi. Nikakata vikonyo, nikamwaga maua, yaliyobaki hayakufunika hata chini ya kapu. Mara Rahabu huyo, kavaa zangu za mfuko, mashavu yanang'aa. Nikangoja makofi. Yeye akaisugua mikono, akasema taratibu, "Kumbe joto lote lilikuwa kwako." Nikamnyooshea zake, akakataa. "Si umezitaka? Chuma." Akachuma mikono mitupu, kila akimaliza mstari anairudisha kwenye zile glavu za mfuko, inapona. Msimu mzima ule nilizionea wivu glavu zangu mwenyewe.

Kwa hiyo nikamwambia madam binti mkubwa apewe za vidole, mdogo za mfuko. Yule mdogo akavitazama vidole vya dada yake, mdomo ukashuka. Macho yale nayajua, nilikuwa nayo mimi. Mpaka wanapanda gari kwenda uwanja wa ndege alikuwa bado kanuna.

Siku ya tatu madam akanitumia picha kwenye simu. Mabinti wamesimama kwenye theluji, kila mmoja mkono mmoja wa vidole, mkono mmoja wa mfuko, wanacheka. Nani kawafundisha, sijui. Na mimi hapa jikoni, bibi kizee wa magoti mabovu, wivu ule ule ukapanda. Nikampigia Rahabu, yuko Makete mpaka leo, nikamweleza yote. Nikamuuliza, "Dada, mbona sisi hatukugawana moja moja?"

Akakohoa kwanza. "Mimi ningekupa. Wewe ungenipa?"

Nikamwambia mtandao unakatakata, nikakata simu.